Picha za Theluji za Nyanchama

Marehemu mke wangu Nyanchama alikusanya picha za Wazungu wakicheza kwenye theluji. Cheka tu, hata mimi nilicheka. Alizitafuta kwa wauza vitabu vya mitumba pale Kisii mjini: picha za zamani sana, zilizochapwa nyeusi, kisha mtu akazipaka rangi kwa mkono, moja moja. Wanawake wa sketi ndefu wanateleza juu ya ziwa lililoganda. Wanaume wa masharubu wanashuka mlima wamesimama juu ya mbao.

"Angalia hapa, Baba Ombati," aliniambia, "nyekundu imevuka mstari. Aliyepaka alikuwa amechoka." Akamhurumia, mtu aliyekufa kabla babu yangu hajaoa.

Sisi huku Marani kuteleza hatukufundishwa na Wazungu. Tulifundishwa na Mheshimiwa wetu, anayetuahidi lami kila uchaguzi. Siku Nyanchama alipozidiwa, gari la kumpeleka hospitali liliteleza kwenye matope likalala mtaroni. Tulipolitoa, hospitali haikuwa na kazi tena. Mheshimiwa alikuja mazishini na gari lisiloteleza, akasema kazi ya Mungu haina makosa. Kumbe Mungu ndiye mkandarasi wa barabara ile.

Mwaka huu Mheshimiwa akajenga ukumbi Nyaramba, na wageni wa ufunguzi walitoka nchi za baridi. Kuta tupu. Msaidizi wake, Fred, akaja kwangu na mkate na soda, akaniita mzee wangu mara nyingi kuliko wanangu wanavyoniita baba. Nikamwambia nitawaazima picha zote kwa sharti moja, jina la Nyanchama liandikwe chini yake.

"Hiyo ni kitu ndogo, mzee wangu."

Siku ya ufunguzi nilivaa koti langu la kijivu la kazini, kama la wafagizi, ndilo lisilo na kiraka. Picha zimepangwa vizuri, na kibao kinang'aa: Mkusanyiko wa Mheshimiwa. Shule niliacha darasa la tatu, lakini jina la mke wangu nalijua, na halikuwapo.

Nilimwuliza Fred. Akanivuta kando.

"Mzee wangu, wageni hawamjui Nyanchama."

"Na hivi hawatamjua kamwe," nikamwambia.

Nikachukua ngazi, nikaanza kuziteremsha. Hakuna aliyeuliza. Mzee wa koti la kijivu juu ya ngazi ni kama kabati la ofisi. Kemuma, mama wa kupokea wageni, alinishikia ngazi, akanionya nisivunje kioo, na nikimaliza nilete viti. Nikasema sawa, mama. Fred aliniona, lakini wageni walishaingia. Angepiga kelele aseme nani anamwibia nani?

Nilikuwa nje kibarazani, nafuta alama za vidole vyao kwenye vioo kwa mkono wa koti, niliposikia mgeni akiuliza picha ziko wapi.

"Zinasafishwa," Mheshimiwa akajibu.

Tangu nianze kumpigia kura, hilo ndilo neno lake la kwanza la kweli.