Chupa Tatu za Bwawa la Mji

Fancy, mpimaji maji wa serikali, alifunga chupa ya tatu ya maji ya bwawa, akaizika kwenye barafu pamoja na zile mbili. Saa mbili na robo asubuhi. Maji yakipitisha muda wa saa sita tangu yatekwe, maabara ya Kericho haiyapokei. Juma lililopita yalimwagwa kwenye sinki huku akitazama, kwa sababu alikuwa ameketi kwa bibi jirani wa bwawa, Kogo Tabutany, hadi adhuhuri.

Leo ilikuwa Ijumaa. Jumatatu kioski kipya cha maji kingefunguliwa kando ya bwawa, na watoto wa chekechea ndio wangekunywa wa kwanza. Hakukuwa na juma lingine.

Njia ya kutoka bwawani ilipita katikati ya ua wa Kogo. Bibi huyo aliyeishi peke yake alikuwa ameshasimama mlangoni, kibuyu cha maziwa ya mgando mkononi.

"Keti, mtoto wangu. Mursik iko tayari, viazi viko motoni."

"Leo sitakaa, Kogo."

"Hutakaa?" Kogo akawageukia kuku wake. "Mmesikia? Amesoma chuo cha Kabianga, sasa maziwa yetu yananuka."

Masikio ya Fancy yaliwaka moto. Tangu azaliwe hakuwahi kukataa kitu alichopewa na mzee, hata akiwa ameshiba.

"Kogo, siku ile nilipokaa hapa, maji yalichelewa yakamwagwa. Sikukwambia. Niliona haya."

"Kwa hivyo ni mursik yangu iliharibu maji ya serikali?"

"Ni mimi niliharibu. Niliogopa kusema nina haraka."

Kogo alikishusha kibuyu. "Na ukienda hivi, nitasema nimepata mgeni gani?"

Hilo lilimchoma kuliko maneno yote. Karibu aketi. Lakini aliweka sanduku la barafu chini, akaushika mkono wa Kogo kwa mikono yake miwili, kisha akalibeba tena na kwenda zake. Nyuma yake hakusikia kwaheri.

Alifika maabara saa saba na dakika arobaini. Sagini, fundi wa hapo, alikuwa ameshatundika koti lake jeupe.

"Ijumaa leo, dada. Weka kwa friji, tutaanza Jumatatu."

"Jumatatu watoto watakuwa wameshayanywa."

"Friji ni baridi, hayataharibika."

"Mbona yale ya kwanza uliyamwaga kwa kuchelewa dakika hamsini?"

Sagini alimtazama, akacheka, akalichukua koti. "Kumbe una mdomo!"

"Ninao. Tuanze."

Jumamosi jioni walizitoa kwenye kabati la joto sahani walizooteshea vijidudu vya maji yale. Kila doa la buluu lilikuwa dalili ya kinyesi. Maji salama hayana hata moja. Sahani ya kwanza ilikuwa na kumi na manne, ya pili kumi na tisa. Ya tatu, ya upande unakoingia mtaro wa soko, ilijaa madoa hadi hayakuhesabika, na mchanga wa kuchujia pale kioskini usingeweza kuondoa uchafu huo wote. Fancy alimpigia simu Mzee Kipruto, mwenyekiti wa kioski.

"Hema limeshafika, Fancy! Kwaya imefanya mazoezi wiki mbili!"

"Kwaya iimbe, mzee. Mfereji msifungue. Maji yana kinyesi."

"Nani amesema?"

Kwa kawaida angejificha nyuma ya Sagini, au ya ofisi.

"Mimi nimesema. Na Jumatatu nitasimama hapo kioskini na ripoti yangu, kila mtu aisome."

Kwenye simu akamsikia Mzee Kipruto akimwuliza mtu aliyekuwa karibu naye kama hema linaweza kurudishwa lilikokodishwa.