Mwalimu Vlasta Hataki Kuitwa Paní

Kaka yangu Metoděj, mfuga nyuki na mjane, alimpenda jirani yetu Vlasta miaka na miaka bila kuthubutu kumwambia. Alinichosha, nasema kweli.

Vlasta alikuwa mwalimu mstaafu wa lugha. Hakuwa ameolewa, kwa hiyo kijiji kizima tulimwita slečna, yaani binti kwa lugha yetu, kama msichana, pamoja na mvi zake zote zile. Ukimwita paní, kama aliyeolewa, umejitafutia. Muuza mikate mgeni aliponzwa na hilo.

"Zamani paní alikuwa mke wa bwana mwenye ngome," Vlasta alimkatiza. "Mimi sina ngome wala bwana. Mnaniuzia mkate au mnaniozesha?"

Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Metoděj akanywea. "Umesikia? Hataki kuolewa."

"Hataki kuozeshwa na muuza mikate. Muulize wewe!"

Angeanzia wapi? Kwetu watu wasiozoeana huitana "ninyi," hata kama mtu ni mmoja. Mwanamke ndiye anayetoa ruhusa ya kuitana "wewe," kwa glasi ya pombe ya plamu, na Vlasta hakuwahi kuitoa. Utamposaje mtu unayemwita ninyi?

Basi kwenye dansi ya wazima moto nikamnong'oneza kiongozi wa bendi maneno niliyoyachagua kwa makusudi ili kumchokoza Vlasta, pengine kaka yangu apate pa kuanzia. Akatangaza, "Wimbo huu ni wa paní Vlasta!"

Vlasta akasimama. "Nani kamtuma aniite hivyo?"

Nilikuwa nafungua kinywa nikiri, Metoděj akanitangulia, uso mwekundu kama bitiruti. "Mimi."

"Maana yake mnaijua?"

"Mlisema ni mke wa mwenye ngome. Mimi nina mizinga tu."

Watu wakaangua kicheko. Vlasta hakucheka.

"Na sarufi yake? Neno letu la bwana hugeuka mwisho wake kila likisogezwa kwenye sentensi. Paní, akiwa mmoja, hageuki. Mwite, mpe, mchukue, ni yule yule. Mtamweza mtu wa namna hiyo?"

"Nani kasema nataka ageuke?" akajibu kaka yangu, na mimi sikuamini masikio yangu.

Vlasta akaenda kaunta, akarudi na glasi mbili. Pombe ikamwagika kwenye kiatu chake kizuri.

"Mimi Vlasta," akasema, kana kwamba hatumjui.

"Metoděj."

Wakapitanisha mikono kwenye viwiko, kama desturi ilivyo, wakanywa, wakabusiana shavuni. Kisha Metoděj akakohoa. "Je, mnakubali..."

"Wewe!" ukumbi mzima ukamkemea.

"Unakubali kuolewa na mimi?"

"Nakubali. Mimi ndiye niliyepaswa kuitoa glasi hii, Metoděj. Kila Krismasi nilikuwa nanunua chupa, halafu naogopa, nainywa peke yangu."

Nikatoka nje kulia, maana miaka yote hiyo mimi nilikuwa namgombeza kaka yangu tu.