Mfalme Aliyemwinukia Gavana

Barua ilimpa mfalme wa Oke-Ayin saa sabini na mbili ajieleze: kwa nini siku ya kufungua barabara gavana wa jimbo aliingia, na yeye akabaki amekaa?

Mfalme Adegbuyi alisomewa na binti yake Adetoun, maana macho yake yalikuwa na ukungu. Akaichukua, akaitia chini ya mto wa kiti.

"Nilikaa kwa sababu nilivaa taji. Taji la shanga halimwinukii mtu. Hata mama yangu angetoka kaburini, ningemsalimu nimekaa."

"Lakini hiyo fimbo ya ufalme kakupa gavana, Baba."

"Fimbo kanipa yeye. Kichwa sikupewa naye."

Adetoun aliijua kalamu ya gavana inavyong'oa wafalme. Mfalme wa mji wa jirani alipakiwa kwenye gari akiwa na kandambili za ndani, akatupwa kijiji cha mbali ambako hakuna aliyejua hata kumsalimia. Mwaka haukuisha, wakamrudisha maiti, ameviringishwa kwenye mkeka.

Jumanne, barua ikiwa bado haijajibiwa, akaja kamishna wa mambo ya wafalme, bwana mwembamba aitwaye Ogunrinde. Alikula kiazi kikuu cha kutwanga sahani mbili, akalamba vidole.

"Mdogo wangu," akamwambia Adetoun, "bosi hana kinyongo. Anataka heshima kidogo tu mbele za watu. Ijumaa anakuja kufungua zahanati. Mzee ainuke, ahesabu moja, mbili, tatu, akae. Yaishe."

"Na asipoinuka?"

"Hapo mimi sitakuwa na la kusema."

Siku tatu Adetoun alimsihi baba yake. Asubuhi ya Ijumaa alimpigia magoti, paji la uso kwenye sakafu.

"Huko watakakokupeleka nani atakupikia, Baba? Goti hilo nani atakupaka dawa?"

Mzee aliweka chini kikombe chake cha chai. "Ni wewe unayeniomba hivyo?"

"Ni mimi. Hesabu tatu tu."

"Haya."

Viti vilipangwa mbele ya zahanati. Ayanwale mpiga ngoma alisimama nyuma ya mfalme, ngoma yake ikitaja mababu wa ukoo, mmoja baada ya mwingine. Magari ya gavana yakaingia na vumbi lake. Gavana Fasuyi akashuka na joho jeupe, akaja mpaka hatua tatu mbele ya mfalme, akasimama anatabasamu. Alikuwa anangoja.

Mfalme aliushika usinga wake, akaegemea bega la Adetoun, akainuka. Goti lilialika. Shanga za taji zikamcheza usoni.

Ngoma ilikatika katikati ya jina la babu yake.

"Kumbe ana miguu!" kijana mmoja wa msafara akapiga kelele, wenzake wakacheka. Watu wa Oke-Ayin hawakucheka. Wanawake walitazama pembeni, kama vile mzee amevuka nguo.

Gavana hakumsalimu. Alimgeukia Otun, mkubwa wa machifu watano wanaochagua mfalme.

"Chifu, mwezi uliopita niliwaomba saini. Mlinijibu nini?"

"Tulikujibu, Mheshimiwa, kuwa sheria inakuruhusu kumwondoa mfalme pale tu sisi watano tukisema ameliaibisha taji. Na hakuwa ameliaibisha."

"Na leo?"

Otun alikuwa rika la Adegbuyi, wametahiriwa siku moja. Aliangalia viatu vyake.

"Leo taji limemwinukia mtu."

"Mimi siongezi neno," alisema gavana. "Mila yenu imesema yenyewe."

Karatasi ilikuwa tayari. Machifu wote watano wakaitia saini juu ya boneti ya gari, mmoja mmoja, wa mwisho akiwa analia. Askari akaichukua fimbo ya ufalme iliyoegemezwa kwenye kiti.

Adetoun alimrukia kamishna, aliyekuwa amesimama kwenye msafara wa gavana, akamshika joho. "Ulisema yaishe!"

"Si yameisha, mdogo wangu?" Ogunrinde akajitoa taratibu, akanyoosha mkunjo. "Na kile kiazi chako, kusema kweli, kilikuwa laini."

Mzee alikuwa anatafuta kiti nyuma yake kwa mkono.

"Acha hicho," gavana alisema bila kumtazama. "Hicho ni cha mfalme. Utakaa ndani ya gari, tukimaliza shughuli."

Shughuli haikuwa fupi. Mganga mkuu alihutubia, diwani akahutubia, gavana akakata utepe, akawaambia watu wapige makofi, wakapiga. Jua lilikuwa kichwani. Adegbuyi alisimama muda wote amemwegemea binti yake, na hakuna aliyethubutu kuwaletea hata kigoda.

Gavana aliposhika tena kipaza sauti, mzee aliinamisha kichwa kwenye sikio la Adetoun.

"Mwanangu," akauliza, "tatu bado haijafika?"