Mzigo Juu ya Viti vya Mbele

Kazini walimwita Honi, na hakuna aliyehitaji kuelezwa sababu. Alikuwa mpiga ishara wa kreni kwenye majengo ya ghorofa. Yeye husimama chini, mkono juu, akimwongoza dereva, na mzigo ukipita juu ya vichwa vya watu hupiga ukelele mpaka mtaa mzima unageuka. Sauti hiyo ndiyo iliyomlisha, na mtalaka wake hakuchoka kusema kwamba ndiyo iliyomkimbiza yeye.

Jumamosi hiyo alikuwa anawapeleka wanawe wawili kwenye mchezo wa kuigiza wa nyimbo na dansi, katika ukumbi mkubwa wa katikati ya jiji. Mama yao alikubali kwa sharti: mdogo wake aende nao, na mchezo ukiisha binti aseme mwenyewe kama bado anataka Jumamosi za baba. Kitinda mimba hakuulizwa. Anakokwenda dada yake, naye yumo.

“Shemeji, hiyo kola inakunyonga au ni hasira?” mama mdogo wa watoto aliuliza walipoketi.

“Ni wewe. Nikipumua tu, utapeleka maneno.”

“Hata usipopumua nitapeleka.”

“Baba, nyamaza,” binti alisema. “Watu wanatuangalia.”

“Sijasema kitu!”

“Ukisema hujasema kitu, ukumbi mzima unasikia.”

Taa zikazimwa. Honi aliona upuuzi mtupu: watu wazima wanagombana kwa kuimba. Una neno na mtu, si umwambie? Lakini midomo ya binti ilikuwa inafuatisha kila ubeti, macho yanang'aa, basi akaumeza ulimi wake.

Ndipo malkia wa mchezo akatokea darini, amelala juu ya kitanda cha fedha kilichoning'inia kwa kamba za chuma. Kitanda kikateleza polepole, kikaliacha jukwaa, kikaja juu ya viti vya mbele.

Honi hakuona malkia. Aliona mzigo. Alikuwa ameshasimama kabla hajafikiri, mkono juu, ngumi imefumbwa.

“SIMAMISHA! TOKENI CHINI YA MZIGO!”

Viti vya mbele vikamwaga watu. Mwanamke mmoja akakanyagwa, viatu vikabaki nyuma, ngoma zikakatika. Hata aliyekuwa anaendesha zile kamba alitii, na malkia akaganda hewani, mdomo wazi. Kisha likaja zomeo.

“Mtoeni mlevi huyo!”

Mhudumu akafika na tochi. “Mzee, nje.”

“Mzigo hauvushwi juu ya watu! Muulize yeyote!”

“Ndio mchezo wenyewe huo. Kila siku kinapita hapo hapo. Nje!”

Angeweza kutoka peke yake, yaishe. Lakini aibu ilishampanda kichwani. Akambeba yule mtoto mdogo kwapani, akamshika binti mkono.

“Twende.”

Binti alikumbatia mkono wa kiti. “Siendi.”

“Nimesema twende!”

“Umefukuzwa wewe. Mimi sijafukuzwa.”

Akatoka na mmoja, naye analia njia nzima: “Namtaka malkia!” Nyuma ya mlango ngoma zikaanza tena. Baada ya muda shemeji akatokea, mikono mbele.

“Nipe mtoto.”

“Dada yake aje kwanza aseme. Ndivyo tulivyokubaliana.”

“Ameshasema. Jumamosi usije.”

“Aje aniambie usoni!”

“Hatoki. Wimbo anaoupenda umeanza, hataki umpite.”

Honi akamkaza mtoto kifuani. Mtoto akampiga mateke ya mbavu, akiunyooshea mlango mikono yote miwili. Mwishowe akamweka chini. Mtoto akakimbilia ndani, wala hakugeuka.

“Lile likitanda lenu litamuua mtu,” Honi alisema.

“Likiua tutakuita,” shemeji akajibu, akaufunga mlango.