Toroli la Mkwe

Vuli ile ya mwaka 1906 Chicago iligawanyika hadi mezani kwa watu. Timu mbili za mji mmoja zilikuwa zinagombea ubingwa wa besiboli, na kila mtu alijua Magharibi, timu ya upande huo wa mji, watashinda. Msimu mzima walikuwa wamechapa kila aliyesimama mbele yao. Soksi Nyeupe wa Kusini, timu ya mzee Malachy Tierney, walikuwa na wapigaji wanyonge kiasi cha kuchekwa magazetini.

"Baba mkwe," alisema Emmet Scanlan, mume wa binti yake, huku akijipakulia viazi, "hao watu wako wangeswaga bata kwa yale magongo. Angalau yangefanya kazi."

"Na kichwa chako kingefaa kupigilia misumari. Kigumu, na ndani hamna kitu."

"Basi tuweke dau."

"Sema."

Delia, binti wa mzee, ndiye aliyetaja masharti. Magharibi wakishinda, baba yake ahame nyumba yake ya karibu na machinjio, aje kukaa nao. Kusini wakishinda, hakuna atakayemtajia tena kuhama, na Emmet atamsukuma kwa toroli kutoka uwanjani hadi mlangoni pake, kama wanavyofanya walioshindwa dau mjini humo. Wanaume wakatemea mate viganja, wakashikana mikono.

Mzee alikuwa amejitia kitanzini na alijua. Lakini kuhama hakutaka. Mkewe Honora alifia mle kwa homa ya tumbo. Nyuma ya nyumba palipita mfereji ambamo wenye machinjio walimwaga damu na mafuta, hadi maji yakawa yanatokota mapovu bila moto. Malachy alikwenda kulalamika kwa diwani. Diwani akampa sigara na ahadi. Sigara ilivutika, ahadi hata kuwaka haikuwaka. "Nikiondoka," alisema mzee, "watasema hapakuwahi kuishi mtu pale. Waje wanitoe maiti, miguu mbele."

Ikafika Jumapili, Kusini wakihitaji ushindi mmoja tu kutwaa ubingwa. Uwanja ulijaa hadi watu wakasimamishwa ndani, nyuma ya kamba. Magharibi walimleta mrushaji wao wa mpira aliye hodari kuliko wote.

"Sali, mzee," alisema Emmet.

Mzee hakusali. Alikuwa anaangalia. Mpigaji wa kwanza wa Kusini aliugusa mpira, ukadondoka pasipo na mtu. Akaja mwingine akapiga, wa mbele akasogea kituo kimoja, wa nyuma akafuata, kama majirani wanaopokezana ndoo nyumba inapoungua. Hakuna aliyejifanya mkubwa. Kila mtu alileta ndoo yake. Kabla zamu ya pili haijaisha, yule mrushaji hodari alikuwa ameshatolewa, anatembea kichwa chini.

"Ndio hao wachunga bata?" mzee alinong'ona. Tangu amzike Honora hakuwahi kuona wanyonge wakiwapiga wakubwa mchana kweupe, mbele ya polisi, na asikamatwe mtu.

Mpira wa mwisho ulipodakwa, watu walikata kamba wakamwagika uwanjani. Emmet alivua kofia. Hakutafuta kisingizio wala mlango wa nyuma. Alikwenda akaleta toroli, akalipangusa kwa mkono wa koti lake.

"Panda, baba mkwe."

Barabara nzima ilitoka kuwaona. "Scanlan! Umepata farasi au umekuwa farasi?" "Mzee, mpige mjeledi!" Emmet alisukuma, jasho likimtoka, akaitikia kila mzaha. Penye daraja la mfereji gurudumu likazama kwenye tope ambalo halmashauri iliapa kulifukia tangu Honora yu hai. Emmet akaliinua toroli na mzee ndani yake. Kisha akasimama, akayatazama yale mapovu, harufu ikamtoa machozi.

"Mama mkwe alikuwa anakunywa maji ya huku?"

"Tulikuwa na maji gani mengine?"

Emmet akasukuma taratibu zaidi, kama aliyebeba mayai.

Mlangoni walimkuta Delia ameshika shavu, macho mekundu. Mzee akachungulia ndani. Kitanda hakipo. Jiko hakuna, viti hakuna, hata pazia la Honora limeng'olewa.

"Baba, nisamehe," alisema Delia. "Nilipeleka kila kitu kwetu asubuhi, kwa gari la rafiki yake Emmet. Magazeti yote yalisema Magharibi!"

"Magazeti ya nani? Ya wakubwa!" mzee alifoka. Halafu akaanza kucheka, kicheko alichokuwa hajacheka tangu msiba, hadi toroli likayumba.

Emmet akashika mikono ya toroli. "Shuka basi, baba, nikalete kitanda."

"Sishuki. Nyumba hii imebaki na kiti kimoja tu, nami nimekishinda kihalali."

Majirani walikuwa wanakuja kumpa mkono. Emmet akaketi kizingitini, miguuni pa mzee, akafuta viganja vilivyochubuka.

"Haya," alisema. "Kesho nitakwenda na wewe kwa yule diwani. Leo nieleze, wale watu walipigaje vile?"

Mzee akajiweka sawa torolini, akaanza na mpigaji wa kwanza.