Mtu wa Kukaa na Tuta

Sostenes, mtendaji wa kijiji, alimaliza kwanza maji aliyopewa, akaweka kikombe chini, ndipo akasema kilichomleta.

"Luka, sikiliza. Huyo mbwa wako ama awe amenyamaza kufikia Jumapili ijayo, ama Jumapili hiyo nije na bwana mifugo na bunduki. Watu hawalali."

"Watu gani hao wa kulala mchana?" Luka akauliza.

"Mimi hapa," akajibu Theonest, jirani wa ng'ambo ya barabara, ambaye alikuwa amesimama getini kwa makusudi ili aulizwe. "Mimi usiku kucha niko duarani, chini shimoni, nalamba vumbi la mawe. Nikirudi alfajiri nataka kulala kama binadamu. Wewe ukifunga geti kwenda kazini, huyo anaanza. Tena habweki, bwana. Analia kama mtu aliyefiwa."

"Amefiwa," Luka akasema.

Theonest, mwenye mdomo kuliko wachimbaji wote wa Segese, akainamisha kichwa akaanza kuchokonoa nguzo ya geti.

Mama yake Luka, marehemu Asteria, alikuwa amezikwa masika yalipoanza. Ndani ya ule ua wa minyaa walibaki wawili tu, Luka na mbwa, na wa kwanza kati yao alikuwa hakai. Anaondoka kabla jua halijatoka, anarudi limeshazama, kwa sababu juu ya zamu yake alikuwa ameongezewa zamu ya ziada. Mbwa anafungwa mnyororo kwenye nguzo ya jiko, anawekewa ugali na maji, basi. Mbwa wa kienyeji anataka nini tena?

Sasa, Luka huyu hakuwa mjinga wa mbwa. Ndiyo kazi yake. Alikuwa mlinzi kwenye mtambo mmoja wa kuchenjulia dhahabu, na alikuwa amekabidhiwa mbwa wa kampuni aitwaye Bruno, mkubwa kama ndama, aliyeshuka kwenye ndege na hati zake mwenyewe. Mkufunzi aliyekuja na Bruno alifundisha walinzi mpaka wakakariri. Mbwa huyu asiachwe peke yake mchana kutwa. Asubuhi atembezwe kabla ya kazi, achanwe manyoya huku akisemeshwa, mchana apumzike mahali anapomwona mtu wake, jioni achezwe naye mpira. Akikosa mtu ataharibika, atabweka hovyo, atajitafuna miguu, atakataa chakula. Waliyaandika hayo kwa rangi nyekundu ukutani kwenye banda. Na yalitekelezwa. Luka alipougua malaria, Bruno aliletewa mtu mwingine asubuhi ileile. Mama yake Luka alipougua, Luka alipewa ruhusa ya siku moja akaambiwa awahi kurudi, Bruno anamsubiri.

Aliyakumbuka hayo yote. Luka alikuwa mtu wa kukumbuka. Angekutajia nani alisema nini mkutano wa kijiji wa mwaka gani, nani alikula njama malisho yakakatwa viwanja, diwani gani aliahidi kisima. Na juu ya yote alikumbuka siku wachimbaji wadogo walipofukuzwa na polisi mlimani kwenye dhahabu. Yeye alikuwa darasa la tatu, ameshika kanga ya mama yake aliyekuwa akiuza maandazi. Mabomu ya machozi yalipoanza, walikimbilia duka la Mama Nisha. Mlango wa chuma ukavutwa mbele ya macho yao. Waliuvuta ule moshi wakiwa wameng'ang'ania nondo, na beseni la maandazi likakanyagwa na watu.

Mama Nisha, jina lake mwenyewe Nurjahan, alikuwa bado yupo. Ua wake na wa kina Luka ulitenganishwa na minyaa tu. Mumewe alikwisha kufa, Nisha aliolewa Mwanza, na mwenyewe alibaki na duka lake la vitenge, chumvi na betri. Tangu siku ile ya moshi Luka hakumpa shikamoo wala hakununua kwake hata kiberiti. Sukari aliifuata kwa Amosi, mwisho wa barabara. Alipoletewa mtoto wa mbwa kutoka kwenye boma la mjomba wake, akampa jina kama watu wa huku wanavyofanya, jina la kumpelekea jirani salamu. Akamwita Tutaonana. Kila jioni anasimama karibu na minyaa na kuita kwa sauti, Tutaonana, we Tutaonana, ili upande wa pili wasikie vizuri. Mama yake alilichukua jina hilo akalikata. Yeye alimwita Tuta.

Wiki ile ya onyo Luka alihangaika. Alinunua dawa ya minyoo. Alileta utumbo wa ng'ombe kutoka machinjioni, Tuta akaunusa akageuza shingo. Alirefusha mnyororo. Siku moja hasira zikampanda akamchapa kwa kandambili, kisha akakaa jikoni anajilaani. Mbwa alikuwa amekonda mpaka mbavu zinahesabika, na mguu wa mbele umetoka manyoya mahali alipojilamba.

Jumatano jioni Theonest akampa habari ya kumtia wazimu.

"Lakini kuna kitu sikielewi, kaka. Adhuhuri ananyamaza. Kimya kabisa, mpaka naanza kuota. Halafu alasiri anarudia wimbo wake."

"Ananyamaza vipi?"

"Mimi unaniuliza? Mimi najua nashukuru tu."

Luka hakushukuru. Mbwa anayelia asubuhi, akanyamaza adhuhuri, na kila siku anazidi kukonda, huyo kuna mtu anamlisha kitu. Hakuhitaji kutafuta jina la mtu huyo mbali. Alhamisi Bruno alikuwa anachanjwa, na watunzaji waliruhusiwa kutoka mapema. Luka akapanda bodaboda mpaka kona, akateremka, akaja kwa miguu kwa nyuma, amekamata fimbo.

Alisikia sauti kabla ya kuona mtu.

"...na mchele wenyewe wa siku hizi una mawe, Tuta, wanauza kwa kilo wanataka na mawe yalipiwe. Mama yako angewaambia. Unakumbuka alivyomwambia yule wa Kahama? Akamwambia, baba, mimi nina meno, sina kinu."

Mama Nisha alikuwa amekaa kwenye kigoda upande wake, mahali minyaa ilipokufa ikaacha uwazi, ungo wa mchele mapajani. Kisha akabadilisha lugha akaendelea kwa Kisukuma, Kisukuma cha ndani kabisa, cha mtu aliyezaliwa hapahapa. Tuta alikuwa amevuta mnyororo mpaka mwisho wake, amelaza kidevu chini, masikio yamelegea. Mkia ulikuwa unapiga vumbi taratibu.

Luka akajitokeza. "Unampa nini mbwa wangu?"

Mama Nisha alishtuka, mchele kidogo ukamwagika. Akamtazama yeye, akaitazama fimbo.

"Simpi kitu. Hata kumgusa simgusi, mate yake ni najisi na mimi nina udhu. Nakaa tu."

"Unakaa kufanya nini?"

"Kwani mtu akikaa anafanya nini? Anakaa." Akaanza kuokota mchele wake punje kwa punje. "Mama yako alikuwa anakaa hapo ulipo, kwenye lile gogo. Mimi hapa, yeye hapo, huyu katikati. Kila siku, adhuhuri, nikishafunga duka kwa ajili ya swala, mpaka alasiri. Miaka, Luka. Alipokwenda, huyu akabaki anangoja pale penye gogo. Mimi nikaona, basi, angalau nusu yetu tuwepo."

Luka alilitazama gogo. Lilikuwa limelainika kwa kukaliwa, kama kigoda cha kununua. Kila siku alikuwa akilipita.

"Mama alikuwa anakaa na wewe?"

"Ulikuwa kazini, ungejuaje?"

"Wewe ulitufungia mlango." Ilimtoka bila kupanga, kwa sauti ya mtoto wa darasa la tatu.

"Marehemu mume wangu ndiye aliyeuvuta," Mama Nisha akasema polepole. "Mimi nilikuwa nyuma yake nimebeba Nisha. Sikuufungua. Mama yako aliniuliza hilo siku ya kwanza alipokaa hapo, akaniuliza kwa ukali, na mimi nikamjibu kama ninavyokujibu. Hakusema amesamehe. Alisema, haya, chambua mchele, jua linakwenda. Kesho yake akarudi."

Luka akaketi kwenye gogo. Tuta aliinuka, akaja akamwegemea gotini kwa uzito wote uliokuwa umebaki mwilini mwake, akashusha pumzi ndefu.

Ndipo yale maandishi mekundu ya ukutani yakamrudia, neno kwa neno. Kubweka hovyo. Kukataa chakula. Kujitafuna mguu. Aliyafahamu kama anavyofahamu jina lake, na kila siku aliyatekeleza kwa mbwa wa watu. Nani aliyemwambia kwamba kilichoshuka kwenye ndege kina moyo, na cha kwetu kina tumbo tu? Hakuna aliyemwambia. Alijiambia mwenyewe. Alizisema dharau za wenye migodi kwenye kila mkutano, kumbe moja alikuwa ameibeba mpaka nyumbani akaifunga na mnyororo jikoni. Kule bomani kwa mjomba hakuna mbwa anayefungwa. Anatoka na wachungaji, analala kivulini nao, anarudi nao. Hajui hata maana ya kuwa peke yake.

Na mtu mwenye kumbukumbu ndefu kama yeye, aliyehifadhi kila ubaya kwa mwaka na kwa jina, alikuwa hajui hata mchana mmoja wa wema uliofanyika hatua chache kutoka jikoni kwake. Hilo lilimuuma kuliko moshi.

"Mlango ule sitausahau," akasema.

"Nani amekuambia usahau?"

"Lakini hizi siku zote ulizokaa, nazo sitazisahau. Wabeja, mayu," akamshukuru kwa Kisukuma. "Wabeja sana, mama."

Mama Nisha akapeta ungo, makapi yakaruka. "Shikamoo huna?"

"Shikamoo."

"Marahaba. Mfungue basi huyo mtoto, mnyororo wa nini na ua upo?"

Kesho yake Luka alikwenda kwa msimamizi wake, Valerian, akamwambia zamu ya ziada hataki tena.

"Una nini nyumbani?"

"Nina mbwa."

Valerian alicheka mpaka akafuta macho. Luka akamsubiri amalize, kisha akaonyesha kidole ukutani. "Maneno ni yenu, bosi, mmeandika wenyewe. Na zamu ya ziada ni hiari, hilo nalo limeandikwa, ila hilo hamkulipaka rangi nyekundu." Valerian akaacha kucheka. Akachukua kalamu akamkata kwenye orodha ya zamu ya ziada.

Jumapili Sostenes alikuja kweli, na bwana mifugo, na mwenye bunduki nyuma yao. Walikuta ua una watu. Luka yuko kwenye gogo, Mama Nisha kwenye kigoda chake, Theonest amekuja kushuhudia na macho mekundu ya usingizi, na Tuta amejinyoosha katikati yao bila mnyororo, anawatazama wageni kama wamechelewa.

Walikaa sana. Mbwa hakutoa sauti.

"Nimeona," Sostenes akasema. "Ila mimi si mtoto. Amenyamaza kwa sababu mmemzunguka kama bwana harusi. Kesho mkitawanyika?"

Ndilo lilikuwa swali lenyewe, na Luka alikuwa amelilalia kucha. "Kesho nitaamka mapema zaidi nimpeleke lambo la kunyweshea ng'ombe, akimbie mpaka achoke. Jioni nitakuwa nimerudi jua likiwepo, sina zamu ya ziada tena, nitakuwa naye mpaka kulala. Adhuhuri Mama Nisha yupo."

"Nipo," akasema Mama Nisha. "Lakini nikishaswali alasiri nafungua duka."

"Kwa hiyo alasiri?" Sostenes akauliza.

Mwenye bunduki akahamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Theonest akakuna kichwa, akatema mate pembeni.

"Mimi alasiri nimeshaamka," akasema kama mtu anayetapika. "Nakaa barazani nangoja giza liingie nirudi duarani. Sina hata mtu wa kumtukana. Mleteni."

"Wewe uliyesema apigwe risasi?" bwana mifugo akauliza.

"Nilisema anyamaze. Risasi mlileta nyie wenye ofisi."

Hata Sostenes alicheka. Bwana mifugo akafungua begi lake, akasema maadamu amefika haondoki bure, atamchanja huyu mbwa chanjo ya kichaa. Luka alimshika Tuta kichwa, Theonest akashika miguu ya nyuma huku akilalamika, na Mama Nisha, kutoka mbali kwa ajili ya udhu wake, alimsimulia kwa Kisukuma kwamba haumi, haumi, imeshakwisha.

Jumatatu Luka alimpeleka Tuta lambo kukiwa bado na ubaridi. Mbwa aliingia majini mpaka shingoni, akatoka, akajikung'uta akamlowesha suruali ya kazi, akakimbiza korongo asiowaweza. Nyumbani alikula ugali wote akalamba sahani. Luka akatoka, akarudishia geti bila kufunga kufuli, kisha hakwenda. Alisimama barabarani, bodaboda inamngoja, anasikiliza kama mtu anayesubiri hukumu.

Mkwaruzo mmoja getini. Mlio mwembamba, wa kuuliza. Halafu mlango wa duka ukafunguliwa mapema kuliko kawaida yake, na sauti ya Mama Nisha ikasikika ikimgombeza mteja kuhusu bei ya mafuta ya taa, kwa sauti ya kufika mpaka minyaani, ikimweleza kila kitu tangu mwanzo, na kutoka upande wa minyaa hakukuwa na mlio tena.

Luka akapanda bodaboda. Dereva alimuuliza mbona anatabasamu asubuhi yote hii, akamjibu kwamba ana watu nyumbani.