Uzito wa Traugott

Viti vya gari letu kubwa, lile la mawaziri na wakurugenzi, vilipimwa kwa makalio ya Traugott Kienzle. Waheshimiwa walijinyoosha wakidhani kiti kimetengenezwa kwa ajili yao. Kumbe kilitengenezwa kwa fundi cherehani wa kiwandani, mtu wa bonde la mto Neckar, kwa sababu tu Mungu alimpa mwili wa wastani. Vizazi viwili vya gari hilo vilipita chini yake. Tulikuwa kwenye cha tatu alipoanza kukonda.

Mimi ndiye niliyempima. Anakaa juu ya shuka la vipimo, kompyuta inaonyesha mwili unakandamiza wapi, nabonyeza kitufe, matokeo yanapanda ghorofani kwa wahandisi wa povu, ile sponji ya ndani ya kiti. Asubuhi moja nikaona kwenye kompyuta madoa mekundu mapajani, madogo na magumu kama kokoto.

"Traugott, mfukoni kuna nini?"

"Funguo."

"Za gereza? Hebu toa."

Akatoa vipande vya risasi, vile vya kusawazishia magurudumu, kiganja baada ya kiganja. Nilitaka kumfokea. Kisha nikaona shingo yake inavyocheza ndani ya kola, hasira ikaniisha.

"Ni saratani ya kongosho," akasema. "Usiwaambie wakubwa, Irmela. Niache nikimalize hiki kiti. Nikikaa nyumbani, mke wangu Hedwig atanitazama tu mpaka nife."

"Na kiti kikitoka kibaya?"

"Ndiyo maana nimejaza mifuko, we mwanamke!"

Lakini povu halidanganyiki kwa risasi. Nikapanda kwa Dokta Rehbein, mkuu wetu, kumwomba amtafutie Traugott kazi nyingine, hata ya kufagia, mradi asirudishwe nyumbani.

Dokta akafunga mlango. "Kaa, Bi Schaible. Tunajua anaumwa. Tangu majira ya baridi tunatumia sanamu la vipimo badala yake. Halikondi. Kiti kilishapitishwa."

"Na vipimo ninavyoleta kila siku?"

Akageukia dirisha. "Nilishindwa kumwambia. Na wewe ungejua, usingeweza kumficha."

Nikashuka ngazi. Traugott alikuwa akinidanganya kwa risasi, na wakubwa wakitudanganya sote wawili kwa huruma. Sijawahi kuichukia huruma kama siku ile.

Traugott alikuwa ameshakaa kitini, mkate wake wa siagi uko pembeni, haujaguswa. Risasi amezirudisha mfukoni, safari hii amezifunga kwenye leso ili zisionekane.

"Umewaambia?"

"Sijawaambia."

"Mungu akubariki. Haya, njoo uone. Hapa chini ya goti panabana. Waambie wapalegeze, watu watakaa humu safari nzima."

"Nitawaambia."

"Unaandika?"

"Ninaandika," nikasema, nikabonyeza kitufe.